Jeuri Aliposimama Bila Kamba

Kwa miaka mingi, pale Nandagala, mtu aliyetaka kumwona Hajira binti Lukumani kabla jua halijapanda ilimbidi azunguke nyuma ya nyumba, ainame, na atafute miguu miwili ya binadamu katikati ya miguu minne ya ng'ombe. Uso asingeuona. Uso ulikuwa umezama ubavuni mwa Tunu, macho yamefumbwa, mdomo unaimba.

Kwao hawakuwa wafugaji. Ukoo wake wote ni watu wa korosho na ufuta, na maziwa waliyoyajua ni ya kopo. Hajira alikuwa tayari ana binti wa kuolewa pale ulipofika mpango wa kukopeshana ng'ombe: unapewa mtamba, akizaa ndama jike wa kwanza unampa jirani, wanaofuata ni wako. Wanaume walisita. Mumewe, Ismaily, alisita kuliko wote. Hajira akanyoosha mkono. Akapewa Tunu, chotara mwekundu mwenye paji jeupe, na siku ya kwanza alipomfunga bandani watu walikuja kutazama kama wanavyokuja kutazama gari lililopinduka.

Kukamua alijifunza kwa kubahatisha. Alionyeshwa mara moja tu, tena harakaharaka, akarudi nyumbani akaendelea alivyoelewa: anabana chuchu kwa kidole gumba na cha shahada, kisha anavuta kwenda chini. Tunu alikuwa na chuchu ndefu na moyo mpana, akavumilia. Wakazoeana. Ikafika mahali Tunu hashushi maziwa mpaka amsikie Hajira akiimba, kwa Kimwera, wimbo ambao bibi yake alikuwa akitwangia mtama. Akija mtu mwingine na ndoo, Tunu anayabana maziwa yote huko juu, na mtu wa watu anakamua upepo. Hajira alilalamika kwamba hapati nafasi ya kusafiri, lakini moyoni alikuwa akijivuna. Nani mwingine pale kijijini alikuwa anahitajiwa hivyo?

Kisha kulikuwa na Jeuri.

Jeuri alikuwa binti wa Tunu, ndama wake wa pili, mweusi tii, na jina hilo alipewa na Hajira mwenyewe kwa hasira. Alipozaa mara ya kwanza na Hajira akamkaribia na ndoo, aliipiga teke ndoo ikaruka ikatua juu ya banda la kuku. Tangu hapo kumkamua Jeuri ikawa vita. Kamba miguuni, kamba pembeni, Ismaily ameshika mkia, Hajira anavuta huku ananuna, na maziwa yenyewe hayajai sufuria. Hata jirani yao Mwantumu, siku alipopita kuomba moto, alipigwa teke la paja akachechemea mpaka mwezi ulipoandama. "Huyo uza," alisema Mwantumu. "Huyo ana shetani." Hajira hakubisha. Alikuwa anasubiri tu mnunuzi.

Basi asubuhi moja ya kipupwe Hajira aliingia bandani, akakaa kwenye kigoda chake, akashika chuchu ya Tunu, na vidole vikakataa kufunga. Alijaribu tena. Maumivu yakampanda kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko kama mtu aliyeguswa na waya wa umeme. Akaimba, na Tunu, kama kawaida yake, akashusha maziwa. Kiwele kikajaa, kikawa kigumu kama boga. Lakini mikono haikuwepo.

"Baba Asmaa!" aliita. "Njoo hapa upesi!"

Ismaily alikuja mbio akaketi. Tunu akageuza shingo, akamnusa, akayarudisha maziwa yote. Ismaily alikamua mpaka jasho likamtoka, akapata matone.

"Anajua mimi si wewe," alisema.

"Vaa khanga yangu," Hajira akamwambia.

"Nini?"

"Vaa khanga, jifunge kichwani. Halafu uimbe."

Ismaily alikuwa mzee wa heshima zake, lakini kiwele kilikuwa kinavimba na hapakuwa na la kufanya. Akajitanda khanga ya mkewe, akainamisha kichwa ubavuni mwa ng'ombe, akaimba kwa sauti nzito iliyochachamaa. Tunu alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akakohoa, akamwagia kinyesi ndani ya ndoo. Hajira alicheka huku machozi ya maumivu yanamtoka, na Ismaily naye akacheka, amesimama pale na khanga yake, hajui aivue au aiache. Siku ile waliwafungulia ndama wote wawili wakanyonya mpaka wakalewa.

Habari ikafika Ruangwa mjini kwa simu. Asmaa, binti yao, alikuwa anauza maziwa na mtindi karibu na stendi pamoja na akina mama wenzake, na kikundi chao kilikuwa kimepata mashine ya kukamulia ambayo bado walikuwa hawajaijaribu. Hakungoja. Kesho yake adhuhuri kirikuu kiliingia uani kikitimua vumbi, na Asmaa akaruka chini kabla hakijasimama vizuri. Nyuma yake akashuka Goreti, bwana mifugo wao. Alikuwa mwanamke, lakini wazee wa pale walishazoea kumwita bwana mifugo, naye alishazoea kuitika.

"Mama, kaa mkao wa kula!" Asmaa alipaza sauti. "Mambo yamebadilika!"

Walishusha kitu kilichofanana na toroli. Juu yake pampu na mota, pembeni ndoo kubwa ya chuma inayong'aa, na kwenye mfuniko wa ndoo mipira mirefu iliyoishia kwenye vikombe vinne. Hajira alikizunguka kile kitu akiwa ameficha mikono ndani ya khanga.

"Na hivyo vikombe vinanyonya?"

"Vinanyonya."

"Kama ndama?"

"Karibu na ndama kuliko mkono wako, Mama Asmaa," Goreti alisema, akachomeka waya. Mashine ikaanza kulia: chii-pa, chii-pa, chii-pa. Kuku wakatawanyika. "Lete kidole gumba. Ingiza humu."

Hajira alisita, akaingiza. Ndani ya kikombe mpira ulimkumbatia kidole, kisha ukamwachia. Ukakumbatia, ukaachia. Alitarajia kuvutwa, hakuvutwa. Aliacha kidole mle ndani muda mrefu kuliko ilivyohitajika, uso wake umebadilika.

"Mbona haivuti?" aliuliza.

"Chuchu haihitaji kuvutwa," Goreti akamjibu. "Inahitaji kubanwa taratibu halafu ipumzike, damu irudi."

Hajira aligeuka akamtazama Jeuri, aliyekuwa amefungwa pembezoni kwa kamba mbili, kisha akazitazama zile chuchu zake fupi, fupi kama ncha za vidole. Miaka yote ile alikuwa anazibana kwa kucha ya kidole gumba na kuzivuta.

Walianza na Tunu, maana wote walidhani ndiye mpole. Tunu alipoisikia mashine alitanua macho. Vikombe vilipomgusa alitetemeka mwili mzima, na ingawa hakupiga teke, hakutoa hata tone. Hajira aliimba. Hakuna. Akaegemeza kichwa ubavuni kama siku zote. Hakuna. Mwisho Goreti akamwambia aende mbele.

"Mbele wapi?"

"Kichwani kwake. Huko nyuma hakuna kazi yako tena. Nenda akuone."

Neno lile lilimchoma Hajira. Hakuna kazi yako tena. Hata hivyo alikwenda. Akasimama mbele ya Tunu, na hapo akatambua kitu cha ajabu: kwamba hajawahi kumtazama ng'ombe huyu usoni wakati wa kumkamua. Alikuwa anajua ubavu wake, joto lake, ngurumo za tumbo lake. Lakini macho haya yenye kope ndefu, na jinsi sikio la kushoto linavyocheza wimbo unapopanda, hakuwa anayajua. Akamkuna shingo. Akaimba polepole, midomo yake karibu na lile paji jeupe. Tunu akavuta pumzi ndefu, akaishusha, na kwenye kile kipande cha mpira kinachopenyeza mwanga, maziwa yakaonekana yakipita, meupe, yakikimbia.

"Yanakuja! Mama, yanakuja!" Asmaa alikuwa anarukaruka. Ismaily akapiga makofi kama mtu aliyeona goli.

Sasa ikawa zamu ya Jeuri, na watu waliokuwa wamejazana uani wakarudi nyuma. Mwantumu alikwenda kusimama nyuma ya mwembe kabisa. Ismaily alimfunga miguu, akashika mkia kwa mikono miwili. Goreti alimwosha kiwele kwa maji ya uvuguvugu, akampangusa, akamwekea kikombe cha kwanza. Jeuri akakunja mgongo. Cha pili. Cha tatu. Cha nne. Chii-pa, chii-pa.

Jeuri akanyoosha mgongo. Akapapasa kwa ulimi, akavuta nyasi, akaanza kutafuna.

Alitafuna tu! Maziwa yalimwagika ndani ya ile ndoo kama maji ya bomba, mengi kuliko walivyowahi kuyaona kwake, na yeye ametulia anacheua na macho nusu yamefumba, utadhani mtu anayesukwa nywele. Ismaily aliachia mkia mwenyewe, taratibu, asiamini.

"Kumbe hakuwa na shetani," alisema.

"Hakuwa na shetani," Hajira alijibu kwa sauti ndogo. "Alikuwa anaumia. Mimi ndiye niliyekuwa namuumiza."

Asmaa akataka wambadilishie jina siku ileile, wamwite Zawadi au Faraja. Hajira akakataa. "Mwacheni aitwe Jeuri. Alikuwa na haki yake ya kuwa jeuri."

Kikundi kikaiacha mashine kwao ijaribiwe, na wiki zilizofuata zilikuwa za sikukuu. Hajira aliamka kabla ya wote kwa sababu hakuweza kulala kwa hamu. Mikono yake ilipumzika, ikaanza kukunjuka, na muda aliokuwa anautumia kuvuta sasa aliutumia kutazama. Aligundua kupe alipokuwa hafikirii kuna kupe. Aligundua kwamba Jeuri anapenda kukunwa chini ya kidevu, Jeuri huyuhuyu, na kwamba akikunwa hapo anatoa ulimi nje kama mtoto mjinga. Aliwapikia uji wa pumba na mashudu ya ufuta. Akawa anawasimulia habari za kijijini, na majirani wakasema mama huyu sasa amepata mashoga wapya.

Lakini kulikuwa na asubuhi moja iliyomuuma. Alichelewa kidogo, Ismaily akamtangulia kuwasha mashine ili aioshe. Hajira alipotokea mlangoni alimwona Tunu amesimama peke yake, anasikiliza ile chii-pa, chii-pa, na maziwa yanachuruzika yenyewe kutoka kwenye chuchu hadi chini. Hajaimbiwa. Hajaguswa. Ameshusha kwa mlio wa mota.

Hajira akakaa kwenye kigoda palepale mlangoni. Alijisikia kama mke aliyerudi safari akakuta chakula kimepikwa na mwingine, tena kitamu. Ismaily aliona uso wake akaja kuchuchumaa karibu.

"Una wivu na pampu, Mama Asmaa?"

"Ninao."

"Basi ngoja," alisema Ismaily, akaizima mashine. Kimya kikatanda. Tunu akageuza kichwa, akaangaza huku na huku, akamwona Hajira mlangoni, na akalia, mlio mrefu wa kuita, kisha akavuta kamba kumwendea. Alimfikia, akamwekea pua yenye unyevu begani, akabaki hapo. Maziwa yaliendelea kuchuruzika na hakuyajali. Hajira akacheka, akalia, akaufuta uso kwa khanga. "Huyu sasa ananipenda bure," alisema.

Ndipo Goreti alipokuja na wazo lake. Wafugaji wa Ruangwa na Nachingwea walikuwa wanakutana uwanjani Nachingwea, na alitaka watu waone ng'ombe mpiga mateke akikamuliwa kwa mashine bila kamba hata moja.

"Bila kamba?" Ismaily alishtuka.

"Bila kamba," Hajira akadakia, kabla Goreti hajajibu. Alikuwa amewaka.

Walimpakia Jeuri kwenye fuso, na Hajira akakataa kukaa mbele na dereva. Alisafiri huko nyuma amesimama na ng'ombe wake, wamekanyaga majani pamoja, vumbi jekundu la barabara ya Nachingwea likiwapaka wote rangi moja. Kila fuso lilipoyumba, Jeuri alimwegemea.

Uwanja ulikuwa umefurika. Kulikuwa na vipaza sauti, muziki, mshereheshaji mwenye miwani ya jua, mbuzi, majogoo, na wauza maji wa kila namna. Mwantumu alikuwa amekuja na nauli yake mwenyewe, kushuhudia, alisema, jinsi mtu anavyouawa na ng'ombe. Jeuri aliingizwa kati akiwa hajakamuliwa tangu alfajiri. Kiwele kilikuwa kimejaa pomoni, kinang'aa, matone yanadondoka.

"Sasa mabibi na mabwana," mshereheshaji alinguruma, "ng'ombe hatari kuliko wote wilaya mbili hizi..."

Jenereta likakohoa. Likatoa moshi mweusi. Likanyamaza, na muziki ukafa, na sauti ya mshereheshaji ikabaki ndogo, ya kawaida, ya kijana anayeshika kipaza sauti kilichokufa.

Vijana walivuta kamba ya jenereta mpaka ikakatika. Mashine ya kukamulia ikakaa pale kama toroli la kawaida. Watu wakaanza kuguna, kisha kucheka. Jeuri akaanza kukanyagakanyaga, kiwele kinamuuma.

Goreti alimjia Hajira, uso umemsawijika. "Tumrudishe kwenye gari. Tutatafuta umeme mjini."

"Hatafika. Angalia hali yake." Hajira alikuwa anajipangusa mikono. "Niletee maji ya uvuguvugu na ndoo."

"Mama Asmaa, utamkamua kwa mkono? Hapa? Huyu?"

"Niletee ndoo, mwanangu."

"Mfungeni kamba!" Mwantumu alipiga kelele kutoka kwenye umati. "Hajira, shoga yangu, mfunge kamba kwanza!"

Hajira hakumfunga. Alikwenda kwanza mbele, akamshika Jeuri chini ya kidevu, akamkuna, akamwambia kitu kwa Kimwera ambacho hakuna aliyekisikia. Kisha akazunguka, akachuchumaa, akamwosha. Tangu mashine ije alikuwa hajawahi kumgusa Jeuri kiwele kwa nia ya kumkamua. Kama ng'ombe ana kumbukumbu, basi hapa ndipo ingejulikana.

Hakutumia kidole gumba. Aliifunga chuchu ile fupi ndani ya kiganja chote, akabana kuanzia juu kushuka chini, kidole kimoja baada ya kingine, akaachia. Akabana. Akaachia. Kichwani mwake mashine ilikuwa inalia, chii-pa, chii-pa, na mkono ukaifuata.

Mguu wa nyuma wa Jeuri ukanyanyuka.

Mguu ulibaki hewani, kwato imeelekea goti la Hajira kabisa, na Hajira hakukimbia. Alibana, akaachia. Alisema, "Pole, mama. Pole." Mguu ukaning'inia pale, ukasita, halafu ukashuka. Ukakanyaga chini taratibu, pembeni kidogo, kumpa nafasi.

Shwaa! Maziwa yakagonga chuma. Shwaa, shwaa!

Umati ulilipuka. Mshereheshaji alitupa kipaza sauti chake kibovu akaanza kutangaza kwa koo lake tupu kama mtangazaji wa mpira redioni: "Anakwenda mama, anakwenda! Kulia, kushoto, kulia, kushoto! Ng'ombe ametulia! Jamani, ng'ombe ametulia!" Watu wakaanza kupiga makofi kwa mwendo wa mikono ya Hajira, pa, pa, pa, na povu likapanda ndani ya ndoo mpaka likawa kama wingu. Ismaily alikuwa anapita huku na huku akimwambia kila mtu, hata asiyeuliza, "Yule mke wangu. Yule pale ni mke wangu." Mwantumu alikuwa amepenya umati mpaka mbele, amefunga mikono kichwani, anapiga vigelegele kuliko wote.

Ndoo ilipojaa Jeuri alikuwa anacheua. Hajira aliinuka kwa shida, magoti yamekufa ganzi, na Asmaa, aliyekuja na kikundi chake, akamdaka.

"Mama, mikono inauma?"

"Inauma," Hajira alisema, anacheka mdomo wote. "Inauma vizuri!"

Jenereta lilipotengenezwa baadaye, watu walipanga foleni kuingiza vidole gumba kwenye vikombe vya mashine, wazee kwa vijana, kila mmoja anatoa macho na kusema neno lilelile: "Haivuti!" Goreti aliwaeleza mpaka sauti ikamkauka, na kila alipochoka alimwita Hajira aendelee.

Siku hizi mashine inakaa Nandagala, na akina mama wa kijiji wanaitumia kwa zamu. Mwantumu naye amechukua mtamba, na anamwogopa kidogo, lakini anamwendea. Tunu anakamuliwa kwa mashine na hataki tena mkono, hata wa Hajira. Ukimshika anageuka kukutazama kana kwamba umemkosea adabu. Jeuri yeye hukamuliwa kwa mkono kila Ijumaa asubuhi, kwa sababu tu Hajira anapenda, na kwa sababu yeye mwenyewe, akiona kigoda kimewekwa, huja na kusimama.

Wiki iliyopita Hajira aliitwa kwenda kijiji cha Narung'ombe. Akina mama wa huko wana ng'ombe wapya na hawajui pa kuanzia. Asmaa alikuja kumchukua kwa pikipiki, na Hajira, ambaye kwa miaka mingi hakuwahi kulala nje ya Nandagala kwa sababu ya maziwa, alipanda nyuma na ndoo yake ya chuma mapajani na begi la nguo mgongoni. Ismaily alisimama uani akiwa ameshika mipira ya mashine.

"Utarudi lini?" aliuliza.

"Nitakapochoka!" Hajira alijibu. Kisha akampiga binti yake begani. "Haya, ongeza mwendo, Asmaa. Wanangoja!"